Maziwa Baada ya Moto

Kituoni kwetu hapa Songea zamu inaanza kwa maswali manne. Kiongozi wa zamu anasimama mbele ya gari, askari wanapanga mstari, naye anapita kwa mmoja mmoja akiwatazama machoni. Buti? Safi, afande! Kofia? Safi, afande! Barakoa ya hewa? Safi! Kifua? Safi, afande! Ukisema kifua si safi, siku hiyo hupandi gari. Unabaki kupokea simu, na hakuna wa kukucheka.

Nimeuliza maswali hayo kila asubuhi ya zamu kwa mwaka mzima na ushee. Mimi hakuna aliyeniuliza. Utaratibu haukuwa na nafasi ya kumuuliza anayeuliza, na niseme ukweli wangu, nilipenda iwe hivyo.

Naitwa Salma. Ni sajini wa zimamoto, mzaliwa wa Nalasi kule kwenye mikorosho, mke wa Rashidi fundi cherehani, mama wa watoto wawili. Naandika haya kwa ajili yako wewe unayekohoa wiki ya tatu au ya nne na umeshajitafutia sababu. Ni vumbi. Ni baridi ya Songea. Ni jirani anachoma takataka. Mimi nilikuwa na sababu nzuri kuliko zenu zote. Mimi nilikuwa na moshi.

Mwezi wa tisa na wa kumi huku kwetu watu wanasafisha mashamba kwa moto, na moto ukishashika nyasi kavu haujui mpaka wa shamba la nani. Siku nyingine tulitoka mara tatu. Sisi watu wa moto tuna desturi yetu: tukitoka kuzima, kabla hata ya kuvua magwanda, tunapita kwa mama muuza maziwa aliye jirani na kituo. Anatujazia kikombe kimoja kikubwa cha bati, kinazunguka. Kiongozi wa zamu anaanza, dereva anamaliza. Maziwa yanasafisha kifua, ndivyo tunavyoamini. Nani alisema? Hakuna anayejua. Tuliikuta desturi, tukanywa.

Msimu ule zamu nzima tulikohoa. Mvua zilipoanza wenzangu wakanyamaza, mimi nikaendelea. Basi nikaongeza maziwa. Nikawa nanunua na ya kwenda nayo nyumbani, nanywa asubuhi, nanywa jioni, nakohoa katikati. Jamani, mtu mzima na cheo chake, anatibu kifua kikuu kwa maziwa kuanzia Septemba mpaka Januari! Leo nacheka. Siku zile mtu akinitazama tu nilipokohoa, nilimkata jicho akageukia ukutani.

Mwili wenyewe ulisema. Jasho la usiku lililowanisha shuka mpaka Rashidi akadhani mtoto amekojoa. Chakula kilinikinaisha. Suruali ya sare ikaanza kuteleza. Rashidi akaniingizia kiunoni kwa cherehani yake mwezi wa kumi na moja, akaiingiza tena Desemba. Mara ya pili hakupiga soga kama kawaida yake. Alishika pini mdomoni, akamaliza, akanipa suruali.

Kwa nini sikwenda hospitali? Hapa ndipo penye aibu yangu. Nilikuwa kaimu. Nafasi ya kiongozi wa zamu nilikuwa nimeishikilia tu, na ili nithibitishwe nilitakiwa kuwa na miaka ya kutosha kazini, kozi ya uongozi, cheti cha huduma ya kwanza, na fomu ya daktari. Karatasi zote nilikuwa nazo kwenye bahasha ya kaki, isipokuwa ya daktari. Kisha kuna kipimo cha uwanjani: kukimbia na buti, kupanda ngazi mpaka juu ya mnara, kuvuta mpira uliojaa maji, na kumburuta Bwana Harusi.

Bwana Harusi ni sanamu letu la mazoezi, gwanda kuukuu lililojazwa mchanga, zito kama mwanaume aliyeshiba. Aliitwa hivyo kwa sababu kila anayembeba lazima amkumbatie kwa nguvu zake zote. Na ukishamtua, hupumziki. Papo hapo unashika redio na kutoa taarifa: uko wapi, umekuta nini, wangapi wametoka, wangapi bado wamo, unahitaji nini. Mkuu wa kituo anasikiliza akiwa amekupa mgongo. Kama haelewi neno, umefeli. Askari wa kawaida hapimwi hivyo. Kiongozi anapimwa, maana watu walio ndani ya moshi hawamwoni. Wanaisikia sauti yake tu.

Mimi Januari ile nilikuwa siwezi kumwita mwanangu kutoka uani bila kukohoa. Nikajiambia nisubiri kifua kipoe, ndipo niende kwa daktari. Yaani nilisubiri nipone ndipo nikatibiwe.

Hakikupoa. Ikawaka karakana ya seremala, mchana, mvua inanyesha, hitilafu ya umeme. Niliingia na askari mmoja nyuma yangu, na hatua kama kumi ndani kikohozi kikanishika kwenye barakoa. Nikafanya jambo ambalo ningemfukuza mtu zamuni kwa kulifanya: nikaivua. Nilivua barakoa ndani ya moshi ili nikohoe. Miguu ikaisha. Nilichosikia baadaye ni mkono kwenye mkanda wangu wa mgongoni, navutwa kinyumenyume kama gunia la mkaa, na sauti ya Koplo Komba, dereva wangu na msaidizi wangu, mtu ambaye hata kazi yake si ya kuingia ndani, akisema, "Twende, afande. Twende, mama."

Moto ulizimwa. Hakuna aliyeumia. Tukapita kwa mama wa maziwa kama kawaida, kikombe kikajazwa, nikapewa mimi kwanza. Nikanywa funda moja, nikakohoa. Maziwa yakageuka mekundu.

Komba alikichukua kikombe mkononi mwangu, akayamwaga maziwa kwenye mtaro, akaniambia, "Panda gari. Siyo kituoni. Hospitali."

Kliniki ya kifua ina benchi lake nje, chini ya kibaraza cha mabati, wazi pande zote ili upepo upite. Mvua inapiga mabati, mnakaa mmepangana wote mnatazama upande mmoja, na kila mmoja anahesabu kikohozi cha mwenzake akijifariji kwamba cha kwake ni kidogo. Nilikaa pale na sare yangu, nikaona watu wananipisha wakidhani nimekuja kukagua vizima moto.

Nesi aliyenipokea tulimwita Sista Gama, mama mnene wa miwani.

"Umekohoa tangu lini?"

"Septemba. Lakini ni moshi, Sista. Kazi yangu ya zimamoto."

"Ulikunywa nini?"

"Maziwa."

Akanitazama juu ya miwani. "Kwa hiyo moto ukiwaka Septemba, nyie mnautokea Januari?"

Nilitaka kukasirika, nikacheka, kicheko kikawa kikohozi, naye akanipa kikopo. "Haya, humo humo. Kohoa kutoka ndani kabisa, usinipe mate."

Majibu yalikuja: kifua kikuu. Vipimo vingine, pamoja na kile ambacho watu hukiogopa zaidi, vilikuwa salama. Dawa miezi sita, kila siku, bila kuruka. Sista Gama akaniambia nitapona. Alisema hivyo hivyo tu, kama mtu anayekuambia kesho ni Jumatano, na hiyo ndiyo ilikuwa nafuu yangu ya kwanza.

Kisha akanipa karatasi. "Andika majina ya waliokaa na wewe sehemu iliyofungwa."

Hapo, wallahi, kalamu ilinishinda. Mume. Mtoto mkubwa. Mwajuma wangu wa miaka minne. Halafu watu wangu watano wa zamu. Mvua zote zile tulikuwa tunafunga vioo vya gari, sita ndani, mimi nakohoa mbele pembeni ya Komba. Kila asubuhi nilikuwa nimewauliza kama vifua vyao ni safi, mimi nikiwa ndiye mchafu. Nikauliza, "Na kile kikombe cha maziwa?" Sista akasema, "Kikombe hakina kosa. Ni hewa. Vioo mlivyofunga, hivyo ndivyo vyenye kosa."

Walikuja wote watano siku iliyofuata, na sare zao, wakakaa kwenye benchi lile lile. Nilikaa mbali na kitambaa mdomoni, sikuweza kuwatazama. Siku za kungoja majibu yao sikula. Nilijua nikisikia hata mmoja anao, nitarudisha sare mwenyewe. Komba ndiye aliyenipigia simu. "Afande, wote hatuna kitu. Mimi tu wameniambia nina presha, wakasema ni kwa sababu yako." Nilikaa chini sakafuni nikalia mpaka Rashidi akaja mbio akidhani kuna msiba. Rashidi na watoto nao walikuwa salama. Mwajuma alipewa dawa ya kumkinga, akaipenda kuliko uji.

Nyumbani ndiko kulikuwa na kazi. Mama mkwe wangu, Bi Mwanahawa, alikuja kutoka Nalasi kutuuguza. Nikampa shikamoo nikiwa kitandani, akaitikia marahaba kutoka mlangoni. Siku ya pili nikaona kikombe changu kimefungwa uzi mwekundu kwenye kishikio, kisichanganyike na vya wengine. Sahani pia. Kijiko pia. Rashidi alihamia sebuleni kwenye mkeka. Na wateja wakimuuliza cherehanini pale barazani kwetu, alijibu, "Moshi wa kazini umemkaa kifuani." Moshi hauna aibu, mtu anaweza kuutaja mbele za watu. Nikamsikia kutoka dirishani siku moja, nikatoka na kanga yangu, mifupa mitupu, nikasimama mbele ya wateja watatu. "Siyo moshi. Ni TB. Natumia dawa na nitapona. Na wewe mama mwenye gauni la bluu, kikohozi chako hicho kapime."

Siku ya tatu Rashidi akasema, "Kazi hiyo uiache, Salma."

"Kazi haikuniumiza. Nimejiumiza mwenyewe."

"Nilikuingizia suruali mara mbili! Unadhani nilikuwa sioni?"

"Mbona hukusema?"

"Wewe unasemeka?"

Hilo lilinichoma, maana ni kweli. Sikuwa nasemeka. Hata Komba aliniambia hivyo hivyo alipokuja kunitazama, amekaa uani na kofia magotini. Aliona ninavyokonda tangu Novemba. "Sasa afande, nitakuulizaje wakati wewe ndiye unayeuliza?"

Nilihitaji mtu wa kusimamia dawa, wa kuniona nikimeza kila siku na kutia alama kwenye kadi. Rashidi anatoka mapema kufuata vitambaa mjini. Bi Mwanahawa akasema, kwa sauti ndogo, "Mimi nitaweza." Akaja kliniki na mimi, akasikia kwa masikio yake kwamba ugonjwa hauko kwenye kikombe na kwamba baada ya majuma machache ya dawa sitamwambukiza mtu. Jioni nikakuta nyuzi zote zimekatwa, na yeye mwenyewe anakunywa chai kwa kikombe changu. Mpaka leo hatujawahi kuliongelea jambo hilo, na wala sitaki.

Lakini kwenye dawa alikuwa mkali kuliko kiongozi yeyote niliyewahi kumtumikia. Vidonge vitatu vikubwa asubuhi, tumbo tupu. "Fungua mdomo. Inua ulimi." Mimi, sajini! Mkojo ukawa rangi ya Fanta, nikapiga kelele chooni siku ya kwanza ingawa nilikuwa nimeambiwa. Magoti yaliuma. Mwezi wa pili njaa ilinirudia kwa fujo. Nilikula ugali wa watu wawili, na mihogo ya chai, na makombo ya watoto. Mvua kubwa zilipokuwa zinakatika, makohozi yakapimwa tena. Hakuna kitu. Sista Gama akagonga muhuri. "Miezi minne imebaki. Wengi wanaacha hapa, wanajiona wamepona. Ukiacha nitakufuata na gari lenu wenyewe."

Nilirudi kazini kupokea simu. Mkuu wa kituo aliniita, akaniambia bila kuzunguka. Nafasi itajazwa mwisho wa Agosti. Nikileta fomu ya daktari na nikafaulu uwanjani, ni yangu. Nisipofaulu nitahamia dawati la ukaguzi, Komba achukue zamu. "Siyo adhabu, Sajini. Lakini Bwana Harusi hatajibeba mwenyewe."

Nilimwambia Komba kama anaitaka zamu aseme. Akasema, "Mimi niachie usukani, afande. Makelele yako ndiyo yananiendesha." Lakini gari lilipokuwa linatoka na king'ora, mimi nimebaki na simu sikioni, nilikuwa nasimama dirishani mpaka sauti iishe. Dawati ni kazi ya heshima. Mimi nilijua nitakufa kwa huzuni pale.

Juni na Julai baridi ya Songea inakata masikio. Kila nilipokuwa nje ya zamu, nilikimbia alfajiri kwenye uwanja ulio nyuma ya nyumba yetu. Bi Mwanahawa alileta kigoda na mahindi yake mapya ya kupukuchua. Nikipita mbele yake, anatupa gunzi moja kwenye ndoo. Nikimaliza tunahesabu. Siku ya kwanza, magunzi mawili, na la pili alinihurumia. Wiki ya tatu, saba. "Ongea unapokimbia," nilimwomba anikumbushe, kwa hiyo nilipokuwa napita alinipigia kelele, "Uko wapi?" nami nijibu, "Niko Songea! Watu wawili wametoka! Mmoja bado yumo!" Majirani walidhani ugonjwa umepanda kichwani.

Mwisho wa Julai nilimeza vidonge vya mwisho. Bi Mwanahawa akaitia kadi alama ya mwisho, akainusa karatasi sijui kwa nini, akasema, "Alhamdulillahi. Inua ulimi." Nikauinua.

Daktari alisaini fomu. Asubuhi ya kipimo Rashidi alinipa suruali yangu ya sare, ameipiga pasi. Nikaivaa ikanikaa sawasawa.

"Umenunua kitambaa wapi kinachofanana hivi?"

"Sikununua. Sikukata kile cha mwanzo. Nilikikunjia ndani tu." Akajifanya anatafuta mkasi. "Nilijua utakihitaji."

Nililia na sikumficha.

Uwanjani nilikimbia polepole kuliko wote, lakini nilimaliza ndani ya muda. Ngazi nilipanda. Mpira wenye maji ulinivuta kidogo, nikauvuta zaidi. Kisha Bwana Harusi. Nilimkumbatia kwa nyuma, nikamburuta mpaka kwenye alama, nikageuka naye, na njiani kurudi nikaanguka juu ya goti la kushoto. Nikainuka. Nikamtua alipotakiwa, nikashika redio, na mkuu wa kituo akageuka akanipa mgongo.

Nilivuta pumzi. Nilingoja kile kikohozi. Miezi yote ile nilikuwa nimekingoja kila nilipofungua mdomo. Hakikuja. Hewa iliingia mpaka chini kabisa, baridi na safi, na nikasema yote, mahali, moto, wawili wametoka, mmoja bado yumo, nahitaji maji na gari la wagonjwa, neno kwa neno, na nikamaliza nikiwa bado na pumzi imebaki. Ningeweza hata kuimba.

Mkuu wa kituo aligeuka. "Nimekuelewa, kiongozi wa zamu," akasema.

Wewe unayesoma ukiwa kwenye lile benchi la kibaraza, sina elimu ya daktari ya kukupa. Nakuambia tu kwamba benchi linaisha. Unapewa kikopo, unapewa kadi, mahindi yanavunwa, na siku moja unavuta pumzi na inafika.

Maziwa bado tunakunywa baada ya moto. Ni matamu, na yule mama ni mtu wetu. Lakini mtu akikohoa wiki mbili namsindikiza mwenyewe kwa Sista Gama, na vioo vya gari tunaacha wazi hata mvua ikituloanisha.

Asubuhi ya kwanza baada ya kuthibitishwa nilipita mstarini kama zamani. Buti, kofia, barakoa, kifua. Wote safi. Nikageuka kwenda kwenye gari.

"Afande," akaita Komba. Alikuwa bado amesimama mstarini, mikono imenyooka. "Na wewe? Kifua?"

Wote walinitazama. Neno "safi" lilikuwa tayari mdomoni, lile lile la kuzoea, nikalizuia kidogo nijisikilize kwanza.

"Kifua safi," nikasema. "Goti la kushoto linaniuma tangu siku ya kipimo."

"Basi leo ngazini hupandi. Utaishika chini."

Nikaishika chini.